Vikombe Sita Mlangoni kwa Mama

Tarehe 4 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Kabla ya yote, ujue barua hii imeandikwa na mtu ambaye akipata mafua tu, nchi nzima inakosa vitabu. Sijisifu, uliza yeyote hapa kiwandani. Mashine ya kukatia karatasi ina kisu kirefu kama mtu mzima aliyelala, na mikono ambayo kisu hicho kinaiheshimu ni hii miwili. Juzi meneja alinifuata mwenyewe, tai shingoni, kuniomba nisiende likizo. Nikamwambia nitafikiria.

Kaka yako alinipigia akaniambia mmemtoa mama yenu kule alikokuwa na sasa yuko kwako, na kwamba hasemi, chakula anakionja tu, na akikutazama ni kama anatazama ukuta. Simu ikakatika kabla sijamjibu. Baadaye yenyewe ikatumbukia kwenye ndoo ya gundi, kwa hiyo usihangaike kunipigia. Na hata ingekuwa nzima, mambo mazito huandikwa.

Sasa fungua bahasha vizuri, kuna karata ndani. Si karata za kuchezea. Yuko mama mmoja mwaguzi ameleta kazi ya kuchapa karata za taroti, zile za kutazamia bahati, sabini na nane kila pakiti. Rundo likiwa chini ya kisu, kuna chuma kinashuka kulibana, na karatasi ya juu kabisa hupata mkwaruzo. Hiyo hutupwa. Hiyo yako nimeiokoa kwenye za kutupwa, ndiyo maana ina kovu pembeni.

Tazama picha. Watoto wawili uani, mkubwa anampa mdogo kikombe chenye maua. Vikombe ni sita kwa jumla, vyote vina maua. Nilipoiona, moyo ulinipiga paa. Nikamuuliza yule mama maana yake, akaniambia inaitwa Sita ya Vikombe: ni karata ya utoto, ya kumbukumbu, ya jambo jema la zamani linalorudi kubisha hodi. Nilipomweleza nilivyoielewa mimi, akasema mtu kama mimi amepotea njia kufanya kazi ya kisu.

Nakujua, hapo umeshaanza kulia. Maana umemwona kaka yako na umejiona wewe, na vile vikombe vya bati vya mama yenu. Mwaka ule alikuwa mgonjwa, hatoki chumbani, na mimi ndiye niliyekuwa nguzo ya nyumba. Lakini kila asubuhi mkiamka mlikuta vikombe sita vimepangwa mlangoni kwake, maua ndani. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwaita tu: amkeni mwone mama yenu alichowawekea.

Basi dawa unayo. Mwonyeshe karata. Kisha mrudishie mwenyewe alichowafanyia: vikombe sita, maua, pale anapoweza kuviona. Atarudi. Mimi nimewahi kumrudisha mzee mmoja aliyekwisha kufunikwa shuka usoni. Nilimwita tu kwa jina la utani la shuleni, akakaa kitako akaniuliza nani amemchukulia viatu.

Mjomba wako,
Bwana Kisu


Tarehe 12 Machi

Shikamoo mjomba,

Barua imefika, na karata pia. Hapo uliposema nitalia ulipatia.

Nakuandikia nikiwa kwenye cherehani. Nimepata kazi ya kushona mashuka ya hospitali, na kwa kuwa chumba ni kimoja, mashine iko hatua mbili kutoka kitandani kwa mama. Nilidhani kelele zingemsumbua. Muuguzi wa zahanati anayepita Ijumaa anasema pengine ndizo zinazomtuliza, maana nikiacha kushona anafumbua macho.

Nilimpa karata. Aliishika muda mrefu mpaka nikapata tumaini. Alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya vile vikombe, kimoja kimoja, kama anavihesabu. Kisha akaiweka juu ya shuka, akageukia ukutani. Siku ile hakula kitu.

Kaka alicheka, akasema mjomba sasa amekuwa mganga. Lakini mimi sikucheka. Wewe unajua nina nini cha utotoni, mjomba? Baba nakumbuka mgongo wake tu, anapanda lori. Mama nakumbuka mlango uliofungwa. Shuleni wenzangu walipokuwa wakisimulia walivyobembelezwa, mimi nilikuwa nasimulia vikombe. Nilikuwa napiga magoti mlangoni nasema "Asante mama," na nyuma ya mlango kimya, na kile kimya nilikipenda kwa sababu nilijua kina mikono.

Kwa hiyo nimenunua vikombe sita. Maua nayaomba kwa jirani mwenye bustani. Nimevipanga juu ya meza ndogo miguuni kwake. Anafumba macho kila nikipita hapo.

Halafu, mjomba, kwenye picha kuna mtu mzima nyuma ya watoto, amewapa mgongo, anaondoka zake na mkuki mkononi. Huyo ni nani? Hukumtaja.

Njoo umwone dada yako. Kwa basi ni mwendo wa saa tano tu.

Mpwa wako


Tarehe 19 Machi

Mpwa wangu,

Kosa nimelijua mara moja, na ni langu, ingawa si kawaida yangu kukosea. Karata niliitia kwenye bahasha kichwa chini. Yule mama mwaguzi alinionya: Sita ya Vikombe ikisimama wima, ni heri; ikija imepinduka, maana yake ni mtu aliyenasa kwenye ya zamani, au anayekumbuka jambo ambalo halikuwa hivyo. Dada yangu ameipokea kwa upande wa shari. Iinue, uiegemeze wima kwenye kikombe cha kwanza, halafu endelea.

Kufumba macho si kukataa. Mama yenu tangu utoto akipewa kitu kizuri hufumba macho. Nilimpa kipande cha muwa tukiwa wadogo, akakitafuna mpaka mwisho bila kukitazama. Usikate tamaa. Mgonjwa ni kama cherehani yenye kutu, mwanzo inalia, ukizidisha mafuta inakwenda.

Huyo wa nyuma ni mlinzi. Zamu yake imekwisha, anakwenda kulala. Usimhangaikie.

Kuja ningekuja kesho. Tatizo ni hawa watu. Mwaka jana nilitoka siku mbili tu, wakamweka msaidizi wangu kwenye kisu, akakata kamusi zote zikapoteza herufi ya mwisho ya kila mstari. Nilirudi nikakuta meneja analia ofisini. Sasa wameniwekea alama ya chaki sakafuni, nisivuke bila ruhusa. Lakini kwa moyo niko hapo kitandani kwake.

Ongeza maua. Weka na mengine kichwani kwake.

Bwana Kisu


Tarehe 28 Machi

Shikamoo mjomba,

Mama amesema.

Jumanne nilikuwa nabadilisha maji ya vikombe, nikasikia nyuma yangu sauti kavu lakini imenyooka: "Viondoe. Sikuviweka mimi."

Kwa furaha ya kusikia sauti sikujali maneno. Nilimkumbatia, nikamwambia ni wewe mama, wewe umesahau tu, mimi nakumbuka kwa niaba yako. Akatikisa kichwa. Nikamweleza asubuhi zote zile, kaka alivyokuwa akichagua kikombe chenye ua jekundu na mimi nikilia. Akatikisa kichwa tena, akafunga mdomo.

Kesho yake niligeuka kuchukua uzi. Alijivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, akapitisha mkono juu ya meza. Vitano vimevunjika. Mashuka kumi na mawili ya hospitali yameloa na nimeyafua upya. Tangu hapo hafungui mdomo, si kwa kusema wala kwa kijiko. Namsukumia maji kwa pamba. Muuguzi amenivuta nje akaniambia nijiandae, akiendelea hivi hatavuka wiki mbili.

Mjomba, nakuomba unisikilize bila kuniletea habari za kamusi. Wewe ndiye mtu mzima pekee aliyekuwapo. Kaka hajui, mimi nilikuwa na miaka sita. Ni nani aliyekuwa akiweka vile vikombe mlangoni?

Kama si yeye, nitaondoa kila kitu leo hii, nitamwomba radhi, nitamwacha apumzike. Kama ni yeye, na ni ugonjwa tu unamla kumbukumbu, basi nitamkumbusha mpaka pumzi ya mwisho, kwa sababu sitaki mama yangu afe akidhani hakuwahi kutupenda.

Nijibu kwa neno moja. Simu yako inaita na haipokelewi, kwa hiyo ile ndoo ya gundi naielewa.

Mpwa wako


Tarehe 4 Aprili

Mpwa wangu,

Umemwomba mtu wa maneno elfu akupe moja. Haya.

Ni mama yenu. Mimi nilikuwa namsaidia kuchota maji, na siku ambazo mkono wake hauna nguvu nilimsaidia kuvipanga. Kazi ya mikono ilikuwa ya watu wawili, lakini nia ilikuwa yake. Huo ndio ukweli na nimeutia saini.

Mkumbushe. Mwambie mdogo wake ndiye amesema hivyo, na aliyekuwapo ni aliyekuwapo.

Wiki hii kuna kazi kubwa sana hapa. Nitakuja ikipungua.

Mjomba


Tarehe 17 Aprili

Mjomba,

Mama alifariki Jumatatu mchana. Tumemzika Jumatano. Kaka alipiga simu kiwandani kwenu. Aliyepokea alimwambia asubiri, kisha akarudi akasema hupo. Kaka aliisikia sauti yako nyuma yake ikimwambia aseme hivyo. Amekasirika. Mimi nimechoka mno, hasira itakuja baadaye.

Nataka ujue barua yako ilifanya kazi gani.

Ilifika akiwa hai. Nilimshika mkono nikamsomea. Nilipofika kwenye "Ni mama yenu," alicheka. Sijawahi kumsikia mtu akicheka hivyo, hakukuwa na hewa ndani yake. Akasema, "Asante zenu zote nilikuwa nazisikia pale mlangoni. Hata moja haikuwa yangu." Nikamwambia zote zilikuwa zako mama, mjomba ameandika, hii hapa. Akasema, "Sikuwahi kuamka, mwanangu. Hata mara moja. Nilitaka mjue." Nikamwambia uliamka, umesahau. Siku tatu nilibishana naye. Nilibishana na mtu anayekata roho kwa sababu nilikuwa na saini yako mkononi. Siku ya tatu alikubali. Alisema, "Haya, ni mimi." Alisema vile mtu anavyosema akitaka aachwe alale. Mimi nilishangilia.

Nimelifikiria "haya" lile kila saa tangu tumemzika.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya vikombe. Sikuulizi tena habari hiyo, jibu nimelipata kwa marehemu. Naandika kwa sababu Jumapili alisema jambo jingine. Alisema, "Mnilaze kwa mdogo wenu. Mjomba wenu anapajua. Humwekea maua kila siku."

Mimi ndiye kitindamimba, mjomba. Nilidhani anaweweseka. Kaka naye akasema anakumbuka kwa mbali tumbo la mama kuwa kubwa, halafu halikuwa, na hakuna aliyesema kitu.

Hatukujua pa kwenda, tukamlaza pale tulipopewa nafasi, karibu na ukuta. Kaka anataka kwenda katika mji ule wa zamani, atafute kaburi la huyo mdogo wetu, achote udongo wake auweke kwa mama, kisha aweke jiwe huko na huku. Ni jambo dogo tulilobaki nalo la kumfanyia, na bila wewe hatuliwezi. Makaburi ya mji ule ni makubwa. Tuambie ni safu gani, karibu na nini.

Usituambie kitu kingine chochote.


Tarehe 25 Aprili

Mpwa wangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Tatu za mwanzo zilikuwa na meneja ndani yake, nimezichana.

Alikuwa msichana. Aliishi siku nne na hakupewa jina. Baba yenu alipanda lori wiki ile ile, na ule mgongo unaoukumbuka ndio huo. Mama yenu akaingia chumbani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikaja kukaa nanyi kwa sababu hakukuwa na mwingine. Mlikuwa mkisikia nafanya kazi baraza la mji. Haikuwa uongo. Baraza ndilo lililokuwa na makaburi, na makaburi yalihitaji wachimbaji.

Nilimchimbia mwenyewe. Shimo la mtoto wa siku nne halichukui hata nusu saa. Nilitaka lichukue muda zaidi, nikawa napiga kingo zake ziwe sawasawa mpaka mwenzangu mmoja akaniuliza kama nachimba au napiga pasi.

Ninyi mliambiwa mama anapumzika. Wewe ulikuwa unakaa mlangoni kwake tangu alfajiri, unagonga kwa kidole kimoja, polepole, kama unaogopa kuumiza mlango. Wiki ya pili nilirudi kutoka kazini nikiwa na maua ndani ya koti. Sitakuficha, yalitoka kwenye makaburi. Mashada ya maua yakikaa siku tatu tulikuwa tunayachoma, na kabla ya kuyachoma nilichomoa yaliyokuwa bado mazima. Asubuhi nikayaweka kwenye vikombe, vikombe vyenyewe ndivyo vilivyokuwepo, nikawaita. Niliwaambia ni mama. Ulipiga kelele ya furaha mpaka majirani wakachungulia. Ningefanya nini kesho yake? Na kesho kutwa? Miezi kumi na moja, mpwa wangu.

Mama yenu aliniambia niache. Nilimpelekea chakula, akanishika koti. Alisema kila asante inamzika upya, kwamba niwaache mjue kuwa hakuamka, mumchukie kwa hilo hilo lililo lake. Nikamwambia utanishukuru baadaye. Nilijiona nina akili sana. Na kuwaambia ninyi kuwa ni mimi sikuweza. Pale kazini mtu mmoja aliniona natia maua kwenye koti, wakaniita Bibi Harusi mwaka mzima. Nilikuwa kijana. Nilitaka watoto wa dada yangu wajue mjomba anayeua nyoka kwa kiatu, si mjomba anayepanga maua.

Uliponiuliza neno moja, nilijua jibu. Nilijua pia ulikuwa unauliza kwa ajili ya nini, uliandika wazi kabisa. Nilikaa na kalamu nikafikiri: nikimwambia ni mimi, nitakuwa nimemnyang'anya kitu pekee cha utotoni. Nilifikiri hivyo, na ni kweli nilifikiri. Lakini chini yake kulikuwa na aibu tu, ya kizamani. Nikaandika ile nusu ya ukweli. Sasa naona nusu ile ndiyo uliyokwenda kumsomea. "Haya" lake ni langu, usilibebe wewe.

Nakuja kwenye ulichoniuliza.

Siku moja mama yenu aligundua maua yanatoka wapi. Kulikuwa na waya mwembamba wa shada umebaki kwenye shina, akaushika. Sikuona hasira usoni mwake. Aliniuliza kitu kimoja: "Na yeye humwekei?" Nikamwambia namwekea, kila siku, yake kwanza kabla ya yenu. Siku ile alimaliza sahani nzima. Haukupita mwezi akatoka nje, akaketi uani. Hilo ndilo lililomwinua, si mimi, si vikombe. Tangu hapo kila tulipoonana, miaka ishirini na saba, alinivuta kando akaniuliza kama bado. Nilisema bado. Nilipohamia huku nilisema nimemwachia mtu kazi hiyo.

Sikuwahi kumwekea hata ua moja.

Yale maua ya kwanza, ya wiki ya pili, yalikuwa yake. Niliyachomoa kwa ajili yake. Lakini mvua kubwa ilikuwa imenyesha siku mbili. Upande wa watoto hapakuwa na majina, palikuwa na vijiti vya namba, na maji yaliving'oa yakavipeleka penginepo. Vilima vyote vilikuwa vimelala, vimefanana. Nilizunguka na maua ndani ya koti mpaka wenzangu wakaanza kuniangalia. Nilikuwa nimelichimba kaburi lile kwa mikono yangu siku kumi tu nyuma, nikalipiga kingo, na sikulijua ni lipi. Ndipo nikarudi nayo nyumbani.

Kwa hiyo safu siijui, wala sijui ni karibu na nini. Mwambie kaka yako asisafiri.

Na kuna jambo moja dogo ambalo sijamwambia mtu. Tulikuwa na msimamizi, mzee mmoja, yeye ndiye aliyekuwa akipima mashimo kwa hatua na kuyashika kichwani yote, hata ya watoto. Siku ile alikuwa ameketi kwenye toroli, karibu yangu kabisa, anakula. Angeweza kuninyooshea kidole bila hata kusimama. Alikufa mwaka uliofuata.

Niliona haya kumuuliza.

Mjomba wako